Meru, Loitokitok na Shule ya Uongozi Mlimani

Mwishoni mwa mwaka 1951 askari wa serikali ya kikoloni waliingia Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, wakaanza kuwaondoa Wameru kwenye ardhi yao. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaambiwa wahamie King'ori ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Wameru walikataa fidia. Walichanga fedha, wakaunda umoja wao, wakamwajiri wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka 1952 wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet hadi New York kueleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwaunga mkono lilipita kwenye kamati, lakini katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kirilo alirudi bila ardhi. Hata hivyo alirudi na habari ambayo watu wa Tanganyika nzima walitaka kuisikia, naye akaisambaza mkoa hadi mkoa, kabla chama cha TANU hakijazaliwa.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1950, nyuma ya Kilimanjaro, kwenye mji mdogo wa Loitokitok upande wa Kenya, ilifunguliwa shule iliyokusudia kuwafundisha vijana wa Afrika Mashariki uongozi na kazi ya pamoja kwa kuwapandisha mlima. Iliitwa Outward Bound. Walioianzisha waliamini kwamba tabia ya mtu hujengwa akiwa na mzigo mgongoni, baridi usoni na wenzake pembeni.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Historia ya mafunzo ya mlimani huandikwa mara nyingi kana kwamba ilianzia Ulaya, ikashushwa huku na watu wenye viatu vizuri. Sehemu moja ya habari hiyo ni kweli, na nitaieleza kwa heshima inayostahili, maana wazo lenyewe ni zuri. Ila wakati wageni wakijiuliza namna ya kuwafundisha vijana wa Kiafrika kuongoza, kwenye mteremko wa Meru kulikuwa na watu wa kawaida waliokwisha kupanga michango, mikutano, wakili na safari ya kuvuka bahari, chini ya serikali iliyokuwa imewachomea nyumba. Uwezo ule ulikuwa na mahali ulipotoka.

Waarusha na Wameru waliishi kwa marika. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja walikuwa rika moja maisha yao yote: walikuwa morani pamoja, wakawa wazee pamoja, na jina la rika lao likawa kalenda ya nchi. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia aliyeishi na Waarusha miaka ya 1950 na kuchapa kitabu juu yao mwaka 1963, alishangazwa na jinsi walivyoendesha mambo yao bila wafalme. Kila rika lilikuwa na msemaji wake, olaigwanani. Ukali na wingi wa ng'ombe havikutosha kumpa mtu nafasi hiyo. Ilimpasa awe na ulimi mzuri, subira, na uwezo wa kukaa kikaoni mpaka jua litue bila kupandisha hasira. Hakuwa na mamlaka ya kuamuru. Alichoweza ni kushawishi, kukumbusha, na kutafuta neno ambalo pande zote mbili zingelikubali. Asiposikilizwa, uongozi wake ulikwisha papo hapo.

Morani walikwenda pia olpul, yaani kambi ya porini. Walichinja ng'ombe mbali na nyumbani, wakakaa huko siku nyingi wakila nyama, wakinywa mchuzi uliochemshwa na magome na mizizi ya dawa, wakijenga miili na wakijenga urafiki. Morani hali chakula peke yake. Desturi hiyo ilimlazimu kila kijana kuwa na mwenzake wakati wote, na yule aliyejaribu kuishi kivyake alishinda na njaa.

Halafu kuna mifereji. Maji yanayoshuka Meru yaligawanywa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono, ikipita juu ya mashamba ya migomba ya watu wengi kabla ya kumfikia wa chini kabisa. Mfereji haumstahimili mvivu wala mbinafsi. Ukiziba juu, wa chini anakauka. Wa chini asipokuja kusafisha, udongo unajaa na wa juu naye hapati. Kwa hiyo zilikuwako zamu, siku za kazi ya wote, na faini kwa asiyefika. Mifereji mingine bado inafanya kazi hivyo. Nadhani hapa ndipo uchangaji wa kesi ya ardhi ulipojifunzwa zaidi, kuliko kwenye vita vya morani.

Nisipambe. Mfumo wa marika uliwaacha wanawake nje ya vikao vikubwa, na ujasiri wa morani ulikuwa pia ujasiri wa kuvamia jirani. Mwaka 1896 morani wa rika la Talala waliwaua wamisionari wawili wa Kilutheri waliokuja kujenga Meru, na Wajerumani wakajibu kwa majeshi, moto na uporaji wa mifugo. Mwaka 1900 viongozi kadhaa wa Wameru na Waarusha walinyongwa, na wananchi wakalazimishwa kujenga boma la Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho katikati ya jiji. Rika lililokuwa shule ya vijana lilivunjwa nguvu zake za kivita, lakini vikao vyake vikaendelea.

Upande wa pili wa habari unaanzia Berlin, ambako Kurt Hahn, mmoja wa walioanzisha Outward Bound, alizaliwa mwaka 1886 katika familia ya Kiyahudi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisaidia kuanzisha shule ya Salem kusini mwa Ujerumani, mwaka 1920, akiwa na imani kwamba elimu ya darasani peke yake huzaa watu werevu wasio na uti wa mgongo. Mwaka 1932, kundi la wafuasi wa Hitler lilipomuua mfanyakazi mmoja mbele ya mama yake na Hitler akawatetea wauaji, Hahn aliwaandikia waliowahi kusoma Salem akiwataka wachague: Salem au Hitler. Mwaka uliofuata alikamatwa. Aliachiwa kwa msaada wa marafiki zake wa Uingereza, akahamia huko, na mwaka 1934 akafungua shule ya Gordonstoun, Scotland.

Vita vya pili vilimkuta akishirikiana na Lawrence Holt, mmoja wa wenye kampuni ya meli ya Blue Funnel. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za biashara katika Atlantiki, na Holt alikuwa na dukuduku kubwa: aliamini kwamba ndani ya mashua za kuokolea, mabaharia vijana, wenye afya na nguvu, walikuwa wakifa mapema kuliko wazee. Wazee walijua upepo, walijua kusubiri, na walijua kumtuliza mwenzao. Vijana walikuwa na misuli tu. Mwaka 1941 wawili hao wakafungua shule huko Aberdovey, kwenye pwani ya Wales, ya kuwafundisha vijana kwa muda wa takriban mwezi mmoja kuendesha mashua, kupanda vilima, kuokoa watu na kuishi katika vikundi vidogo vinavyotegemeana. Mwaka 1950 ikafuata shule ya Eskdale, ya kwanza ya aina hiyo iliyotegemea milima badala ya bahari. Muda mfupi baadaye ikaja Loitokitok.

Kwa mwalimu wa milima, Loitokitok palikuwa mahali pazuri ajabu: msitu, nyika ya Amboseli upande mmoja, na upande mwingine Kilimanjaro, ambao ulipandwa kutoka kaskazini kama kilele cha mafunzo yote. Vijana waliofika, wengi wao wakitumwa na shule au waajiri wao, walitoka Kenya, Uganda na Tanganyika, Waafrika, Waasia na Wazungu. Walilala chumba kimoja na kula meza moja. Katika Afrika Mashariki ya wakati ule, yenye hoteli za Wazungu, shule za Wahindi na mabehewa ya Waafrika, jambo hilo halikuwa dogo hata kidogo.

Lakini lilikuwa pia na siasa yake. Kenya ilitangaziwa hali ya hatari Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau. Huko Tanganyika, gavana Edward Twining alikuwa akihubiri utawala wa watu wa rangi mbalimbali, ambao ulitaka Waafrika mamilioni, Waasia makumi elfu na Wazungu wachache wawe na viti sawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Shule iliyomfundisha kijana wa Kiafrika kumshika mkono mwenzake wa Kizungu kwenye barafu ilipendeza sana kwa watu waliotaka Mwafrika awe mshirika, wala si mwenye nyumba. Siwalaumu walimu wa Loitokitok kwa siasa ya Twining. Nasema tu kwamba kamba ileile inayowafunga watu pamoja mlimani inaweza kufungwa na wenye makusudi tofauti, na vijana wenyewe wakashuka nayo wakiwa na makusudi yao.

Uhuru ulipofika, mlima ukabadilika maana. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro, akitimiza ahadi ambayo Nyerere aliitoa mwaka 1959 mbele ya Baraza la Kutunga Sheria. Afisa mwenzake wa kizazi kile alikuwa Mrisho Sarakikya, mtoto wa Meru, aliyepitia chuo cha Sandhurst. Jeshi lilipoasi Januari 1964, Nyerere alilivunja akaunda jipya, na Sarakikya, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akawa mkuu wake wa kwanza. Alikaa katika nafasi hiyo mpaka 1974. Jambo linalonivutia kwake ni kwamba hakuacha milima: hata baada ya kustaafu aliendelea kupanda Kilimanjaro mara nyingi, akiongoza misafara ya kuadhimisha Uhuru pamoja na vijana wadogo kuliko wajukuu zake.

Taifa jipya nalo lilikuwa na jibu lake kwa swali la Hahn, la namna ya kujenga tabia ya vijana. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963. Vijana walikimbia mchakamchaka kabla ya alfajiri, wakalima, wakajenga barabara, wakalala kwenye mahema, mtoto wa waziri karibu na mtoto wa mkulima. Oljoro, nje kidogo ya Arusha, ikawa moja ya kambi zake. Tofauti na Loitokitok, hapa hapakuwa na mwezi mmoja wa kujaribu nguvu na kurudi ofisini. Kulikuwa na taifa zima la kujenga. Serikali ilipoagiza wahitimu wa vyuo nao waende kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 1966 kupinga masharti yake, hasa makato ya mishahara. Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akawafukuza karibu 400, na palepale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Kilele cha Mlima Meru, mita 4,562 juu ya usawa wa bahari, kikapata jina la ujamaa ambalo kinalo hadi leo.

Wanafunzi wale hawakuwa wabaya wote, na Nyerere hakuwa na haki yote. Ila tukio lile lilifichua jambo ambalo shule za mlimani hazipendi kulitazama: mtu anaweza kuvumilia mzigo mzito kwa furaha akijua ameuchagua, na akaukataa mzigo mwepesi akihisi ametwishwa. JKT ya lazima ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudishwa 2013.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Loitokitok ikabaki upande mmoja, kilele cha Kilimanjaro upande mwingine. Wazo lenyewe, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuvuka kwa njia nyingine. Hahn alikuwa ameshiriki mwaka 1962 kuanzisha chuo cha Atlantic huko Wales, ambapo vijana wa mataifa mbalimbali waliishi, kusoma na kufanya kazi za uokoaji pamoja; humo ndimo ulimokulia mtandao wa shule za kimataifa wa UWC. Na huko Moshi, mwaka 1969, ilianzishwa shule ya kimataifa, hasa kwa ajili ya watoto wa madaktari waliokuja kufanya kazi hospitali mpya ya KCMC. Shule ile ilizungukwa na milima, na haikuchelewa kuitumia. Mwaka 1987 ikafungua tawi Arusha, na 2019 shule zote mbili zikaingia rasmi katika mtandao wa UWC. Matembezi ya wanafunzi wake hupangwa kwa ngazi, kuanzia vilima vya karibu mpaka Kilimanjaro, na Meru ni moja ya ngazi nzito katikati.

Anayeutazama Meru kutoka soko la Kilombero anaweza kuudharau, kwa sababu Kilimanjaro uko karibu na ni mrefu zaidi. Wanaoijua milima yote miwili hawaudharau. Meru ni volkano iliyopasuka upande wa mashariki miaka elfu kadhaa iliyopita. Kipande kizima cha mlima kiliporomoka, kikaacha ukuta wa mwamba wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake kilima cha majivu. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, iliongezewa kreta hiyo mwaka 1967. Safari huanzia lango la Momella, si mbali na Ngarenanyuki ya Kirilo. Askari wa hifadhi mwenye bunduki hutangulia, kwa sababu ya nyati, na hilo peke yake hufundisha somo la kwanza: kundi haliruhusiwi kukatika. Mwenye kasi hawezi kumwacha mwenzake, maana bunduki ni moja.

Siku ya kwanza hufika Miriakamba, mita 2,514. Ya pili hupita kwenye msitu wenye ndevu za kuvumwani na mbega mpaka kambi ya Saddle, mita 3,570. Usiku wa manane safari huanza tena, kwa taa za kichwani, kupitia Rhino Point na kisha ukingo wa kreta, wenye mchanga mlegevu, miamba ya kushikwa kwa mikono, na korongo upande mmoja. Pale saa tisa za usiku ndipo nguvu za darasani huisha. Nahodha wa timu ya mpira anaweza kuketi na kulia. Msichana aliyekuwa kimya mwaka mzima anaweza kuwa ndiye anayehesabu vichwa kila kituo, bila kuambiwa na mtu. Kiongozi aliyechaguliwa kwa kura chini hukuta kwamba juu kura hazisaidii. Kinachosaidia ni kama alimwona mwenzake mapema, kabla hajaanza kutapika.

Mwaka 1980 Thomas James, wa shule ya Outward Bound ya Colorado, Marekani, aliandika insha juu ya mabishano ya miaka mingi kati ya wakufunzi: je, mlima unafundisha wenyewe, au lazima watu wakae baadaye wayazungumze yaliyotokea? Mimi niko upande wa kikao. Mlima ukiachwa peke yake humfundisha mwenye nguvu kwamba ana nguvu, na dhaifu kwamba ni dhaifu. Waarusha walilijua hili. Vita na mawindo vilikwisha siku moja. Maneno yake yalichukua wiki, chini ya mti, kila mmoja akipewa nafasi, na olaigwanani akisubiri.

Lakini katika kikao cha leo kuna watu ambao mara nyingi hawapo. Wapagazi wa milima yetu hujiita wagumu. Mgumu hubeba mzigo wa mgeni na wa kwake, akiwa mbele ya msafara ili mgeni akute hema limesimama na maji yamechemka. Kwenye Kilimanjaro kanuni imeweka ukomo wa kilo 20, na shirika la kuwatetea wapagazi lililoanza Moshi mwaka 2003 limekuwa likidai uheshimiwe pamoja na ujira wa haki. Wengi wa waongoza wageni walianza hivyo: mpagazi, msaidizi, kisha mtihani na leseni. Wakati wanafunzi au wafanyakazi wa ofisi waliokuja kujenga umoja wao wanapokaa duara huko Miriakamba kujadili nani aliongoza vizuri, wagumu wako jikoni wanaosha sufuria. Ndio walioendesha kundi la watu wengi zaidi, kwa mizigo mizito zaidi, bila kupotea na bila kugombana.

Kwa walimu na wakuu wa kampuni za Arusha wanaopanga safari hizi, ombi langu ni la gharama ndogo. Waiteni wagumu na waongozaji kwenye duara. Mwongozaji aulizwe, mbele ya wanafunzi, ni saa ngapi alianza kumtilia shaka yule aliyemrudisha chini usiku ule, na aliona nini: hatua zilizobadilika, maneno yaliyokatika, maji ambayo hayakunywewa. Mpishi aulizwe namna anavyogawa chakula kinapopungua. Mgumu mkubwa aulizwe anavyopanga mizigo kati ya kijana mpya na mzoefu, na hufanya nini mmoja wao akiumwa katikati ya njia. Nao walipwe kwa saa hiyo kama walimu.